Buibui wa Ukutani na Namna ya Kumtambua

Mtu aingiaye msalani usiku, baada ya sala ya isha, kurunzi mkononi, akamkuta juu ya ukuta wa chokaa buibui mwenye upana wa kiganja, amejilaza bapa kama jani lililobandikwa, miguu yake minane ameitandaza pande zote, hana budi kushtuka. Wala simlaumu, kwani hata mimi, niliyesomesha elimu ya viumbe miaka mingi, moyo bado hunipiga ninapomkuta ghafla. Lakini baina ya kushtuka huko na kuvua ndara kwa nia ya kumpiga pana wasaa mdogo, wa pumzi tatu au nne, na wasaa huo ndio ninaouomba kwa msomaji, maana ndani yake mtu mwenye macho matulivu aweza kuyajua yote yampasayo: buibui huyo ni wa jinsi gani, ameingia nyumbani kufuata nini, na kama ana madhara au hana.

Wengi wetu humwita buibui wa ukutani, na jina hilo lamfaa, ingawa wapo buibui wengine wakaao ukutani nitakaowataja baadaye. Wataalamu humwita Heteropoda venatoria. Neno la pili latokana na Kilatini na maana yake ni la uwindaji, nalo alipewa na Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi aliyeshika kazi ya kuvipa viumbe majina, katika mwaka 1767. Asili yake ni nchi za joto za Asia, na kutoka huko amesafiri katika majahazi na meli, akijificha ndani ya shehena, hata leo hakuna bahari ya joto ambayo pwani yake haina buibui huyu. Wazungu na Waamerika wa nchi za baridi walimzoea kwa kumkuta ndani ya mikungu ya ndizi iliyotoka ng'ambo, ndipo baadhi yao wakamwita buibui wa ndizi. Sisi tulio karibu na bandari hatuna sababu ya kustaajabu kumwona, kwani yeye ni baharia kuliko wengi wetu.

Alama ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, si rangi wala ukubwa, bali ni kwamba hana utando. Angalia nyuma yake na kandokando yake: kama yuko peke yake juu ya ukuta mtupu, hakuna nyuzi wala kiota, basi umekwisha kutenga nusu ya buibui wote wa nyumbani, wale wafumao mitego na kukaa wakingoja. Huyu hafumi mtego. Yeye huwinda kwa miguu, gizani, akikaa kimya mpaka kidudu kipite karibu, kisha akakirukia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Uzi anao, kama buibui wote, lakini hautumii kwa kutegea windo. Matumizi yake makubwa ni kufuma mfuko wa mayai, na habari ya mfuko huo nitaieleza mahali pake.

Alama ya pili ni jinsi miguu ilivyowekwa. Buibui wa kawaida magoti yake huinuka juu kama ya mtu aliyechuchumaa, lakini huyu miguu yake imepinda ikalala bapa kuelekea mbele na pembeni, kama ya kaa wa pwani, na kama kaa anaweza kwenda upande bila ya kugeuza mwili. Ubapa huo ndio siri ya maisha yake: mwili wenye urefu wa sentimita mbili hadi tatu, pamoja na miguu ambayo ikitandazwa hufika sentimita saba na hata kumi na mbili, hupita chini ya mlango, nyuma ya kalenda, baina ya kabati na ukuta, na katika ufa wa fremu ya dirisha ambao usingedhani kuwa unampisha hata kombamwiko. Mtu akikuambia, basi, kwamba milango yote ilifungwa na bado buibui mkubwa vile ameingia, mwamini.

Rangi yake ni ya hudhurungi, kama ya kumbi la nazi lililokauka, na miguuni ana vidoa vidogo vyeusi, kila kidoa kimeota unywele mgumu. Ukithubutu kumsogelea kwa kurunzi, tazama wajihi wake, maana hapo pana alama isiyosahaulika: chini ya macho, juu ya taya, ana mstari mweupe wa maziwa uliopita kwa mlalo, mfano wa masharubu ya mzee. Macho yenyewe ni manane, yamepangwa safu mbili za manne manne. Jike ana tumbo nene zaidi, na dume ni mwembamba mwenye miguu mirefu kuliko ya jike. Na kama ni dume aliyekomaa, vile vipapasio viwili vidogo vilivyo mbele ya uso vimevimba nchani, kana kwamba amevaa glavu. Wengi huhesabu vipapasio hivyo pamoja na miguu, wakaja kwangu wakisema wamemwona buibui wa miguu kumi.

Sasa na tuwaangalie wale wanaofanana naye, maana kumtambua mtu ni pamoja na kuwajua asiokuwa wao.

Yupo mmoja mdogo zaidi, bapa kupita kiasi, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na madoa, ambaye hushikamana na ukuta kama chapa ya muhuri. Huyo ni wa jamii ya Selenops. Ukimsogezea kidole hutoweka kabla hujajua ameelekea wapi, na waliompima kwa kamera za kasi wamekuta kwamba humgeukia windo lake na kumnasa kwa muda wa takriban thumni moja ya sekunde. Macho yake sita yamekaa safu moja mbele, na mawili yamebaki nyuma kandoni; lakini kwa mahitaji ya nyumbani udogo wake na ubapa wake vyatosha. Hana madhara yoyote ya kusumbua mtu.

Yule mwenye miguu myembamba kama nyuzi za kushonea, na kiwiliwili kidogo kama punje ya mchele, aningʼiniaye kichwa chini katika pembe za dari ndani ya utando ovyo usio na nakshi, ndiye awapaye kazi wanaoshika ufagio wa dari kila Ijumaa. Ukiugusa utando wake, ataanza kujitikisa kwa nguvu mpaka umbo lake lipotee machoni. Pamevuma habari kwamba ana sumu kali kuliko buibui wote, ila meno yake ni mafupi hayawezi kumtoboa mtu. Habari hiyo haina msingi, na naomba isirithishwe kwa watoto. Kinyume cha hayo, yeye huwanasa na kuwala buibui wengine, wakubwa kuliko yeye, na jike lake hubeba mayai yake kinywani, yamefungwa kwa nyuzi chache, mithili ya kishada cha zabibu.

Kisha wako warukaji, wafupi, wenye macho mawili makubwa ya mbele yatazamayo kama ya paka, ambao huwinda mchana madirishani na hugeuka kukutazama unapowatazama. Hawa nawapenda, wala sioni haya kusema hivyo. Katika jamii yao yumo mmoja aishiye katika nyumba za kandokando ya Ziwa Viktoria, aliyechunguzwa sana huko Mbita, upande wa Kenya, na kupewa jina la Evarcha culicivora katika mwaka 2003. Jina hilo lamaanisha mla mbu. Ajabu yake ni kwamba katika wadudu wote hupendelea mbu jike aliyekwisha kushiba damu, kwa kuwa yeye mwenyewe hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu, na damu anaitaka; na tena imedhihirika kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Mtu wa kando ya ziwa akimwona mrukaji mdogo karibu na chandarua chake, asimfukuze.

Lakini yupo mmoja ambaye sitaki msomaji amchukulie kwa wepesi, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu katika miaka yangu yote sikumwona mtu aliyedhuriwa na yule mkubwa wa ukutani, ilhali huyu mdogo, ambaye hakuna anayemwogopa, ndiye wa kuhadhariwa. Jina lake la kitaalamu ni Latrodectus geometricus, naye ni nduguye yule buibui mweusi mashuhuri wa Marekani. Hakai ukutani waziwazi. Hukaa chini: chini ya viti vya plastiki vilivyosahauliwa uani, ndani ya ukingo wa ndoo, nyuma ya vyungu vya maua, chini ya kizingiti cha dirisha, katika viatu vilivyoachwa barazani. Mwili wa jike ni kama sentimita moja tu, tumbo la mviringo kama mbaazi, rangi ya hudhurungi iliyotiwa michoro, na miguu yenye pete za rangi nzito na nyepesi. Ukimwona kwa chini, tumboni ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, umbo la pembetatu mbili zilizogusana ncha.

Lakini sikushauri umpindue ili kuitazama, kwa maana ameacha alama nyingine iliyo rahisi na salama zaidi, nayo ni mayai yake. Buibui wengi hufuma mfuko laini wa mayai. Huyu mfuko wake ni tufe dogo la rangi ya maziwa au manjano iliyofifia, lenye miiba midogo ya hariri iliyosimama pande zote, kama doriani lililopunguzwa likawa na ukubwa wa mbaazi. Hakuna buibui mwingine wa nyumbani kwetu mwenye mfuko wa namna hiyo. Ukiyaona matufe hayo chini ya kiti, mawili, matatu, au zaidi, na nyuzi zilizotatizana bila mpango, ngumu kiasi cha kutoa sauti ndogo zikikatwa, basi mwenyewe hayuko mbali. Huyu ni mwoga, hukunja miguu akajifanya amekufa, na huuma tu akibanwa na mwili wa mtu. Aghalabu maumivu hubaki mahali palipoumwa. Hata hivyo pasipo shaka mwondoe, kwa fimbo na kwa kiatu, pamoja na mayai yake yote, na watoto wafundishwe kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa na kupindua kiti kabla ya kukikalia.

Nirudi kwa yule mwenzetu wa ukutani. Ukitaka kujua kama anaishi nyumbani hata siku usizomwona, tafuta vipande vya mbawa na miguu ya kombamwiko vilivyoanguka chini ya mahali fulani ukutani, maana windo lake hulilainisha kwa majimaji ya tumbo lake akalifyonza, na magamba huyaacha. Kadhalika waweza kukuta kitu kilichokauka, chepesi, chenye umbo lake kamili, kimening'inia nyuma ya pazia. Hicho si maiti bali ni vazi lake la zamani, kwa kuwa buibui hukua kwa kujivua gamba. Maiti ya buibui hujulikana kwa miguu iliyokunjamana ndani kama ngumi iliyofungwa, na sababu yake ni nzuri kuijua: buibui hana misuli ya kutosha kunyoosha miguu yake, bali huinyoosha kwa kusukuma maji ya mwilini mwake, na akifa msukumo ukikoma, miguu hujikunja. Basi yule aliyetandaza miguu, hata akae saa tatu bila ya kutikisika, yu hai na anakuona.

Marehemu bibi yangu, mwanamke wa Tanga aliyekuwa haachi kumbikumbi wala panya kupita mlangoni pake, alikataza buibui asiuawe ndani ya nyumba, kwa heshima ya simulizi ya pango la Thaur, ambalo buibui alilifumia utando mlangoni Mtume alipokuwa ndani akisakwa na maadui. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza swali ambalo nilidhani ni la werevu: huyu wa ukutani hafumi utando, je, heshima hiyo inamfikia? Hakunijibu kwa elimu. Alininyooshea kidole kwenye kombamwiko aliyekuwa ananyonywa pembeni ya kabati la vyombo, akarudi kupepeta mchele. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijapata hoja iliyo bora kuliko ya kidole kile. Kombamwiko hutembea chooni kisha akatembea juu ya sahani, na huyu humla usiku kucha bila ya ujira.

Katika habari ya kuumwa, nitasema kwa uwazi. Buibui wa ukutani anaweza kuuma akishikwa kwa mkono au akibanwa ndani ya nguo, na maumivu yake ni makali kwa kitambo, lakini hayana hatari kwa mtu mwenye afya. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholowa maji baridi, na ungoje. Usichanje kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba. Mambo hayo matatu yamewadhuru watu kuliko buibui wenyewe. Maumivu yakipanda tumboni au mgongoni, jasho likamtoka mtu bila ya sababu, akatapika, au aliyeumwa akiwa ni mtoto mdogo au mzee dhaifu, nenda hospitali usiku uleule, na kama aliyeuma amepatikana, mchukue ndani ya chupa ili aonwe.

Pia nawasihi wasomaji wasimpe buibui lawama isiyo yake. Mara nyingi nimeletewa mtu aliyeamka na malengelenge na mchirizi wa ngozi iliyoungua shingoni au usoni, naye anaapa kwamba amekojolewa na buibui usingizini. Buibui hawezi kufanya hivyo. Aghalabu mwenye kosa ni mdudu mwembamba, urefu wa nusu ya ukucha hivi, mwenye pingili nyeusi na nyekundu kama shanga zilizotungwa, ambaye wengi wamemjua kwa jina la nzi wa Nairobi ingawa si nzi bali ni wa jamii ya mbawakawa. Hufuata taa wakati wa mvua, na katika mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 aliwatesa watu wengi nchini Kenya. Haumi, mtu humponda kwa mkono anapomgusa shingoni, na majimaji yake ndiyo yanayounguza. Dawa yake ni kumpuliza bila kumsugua, na kuosha ngozi kwa sabuni mara moja. Wala buibui wa ukutani hahusiki, isipokuwa kwamba naye huja penye taa kwa sababu ileile, yaani wadudu wamejaa hapo.

Na hilo ndilo lanipeleka kwenye dawa za kupuliza, ambazo sasa zimejaa madukani na katika kila stoo. Mtu akipuliza dawa kwa sababu ya buibui mmoja, atamuua buibui huyo, na pamoja naye baadhi ya kombamwiko. Kisha wale waliojificha ndani ya mifereji watatoka baada ya siku chache na kuzaana pasipo mwindaji. Ikiwa humpendi ndani, mnyime chakula: funika ndoo ya taka, ziba nyufa za bomba chini ya sinki, tia wavu madirishani, na taa ya barazani uizime mapema. Akikosa windo atahama mwenyewe.

Iwapo yupo mgeni au mtoto asiyeweza kulala naye chumbani, mtoe kwa njia hii. Tafuta bakuli kubwa la plastiki, si bilauri, kwa kuwa miguu yake ni mirefu na bilauri itamvunja mmoja. Chukua na jalada gumu la daftari. Mwendee polepole kutoka mbele, kwa maana akishtuliwa kwa nyuma hukimbilia mbele kwa kasi isiyotabirika, na mara nyingine huja upande wa mtu, si kwa kushambulia bali kwa kutafuta kivuli. Mfunike kwa utulivu, telezesha jalada baina ya bakuli na ukuta, ukimpa muda wa kupandisha miguu yake juu ya karatasi, kisha mpeleke nje mpaka penye rundo la kuni au shina la mgomba.

Lakini kabla ya kumfunika, mulika kurunzi chini ya kifua chake. Ukiona kitu cha duara, bapa kama sarafu, cheupe au cha rangi ya kitani, amekikumbatia kwa vipapasio na kukibana chini ya mwili wake, huyo ni jike mwenye mayai, na ndani ya sarafu hiyo ya hariri huweza kuwamo mayai zaidi ya mia. Huyu usimpige kwa hali yoyote, kwa kuwa mfuko ukipasuka vitoto vilivyokaribia kuanguliwa hutawanyika chumba kizima. Wala usimharakishe kwa bakuli, maana akibanwa anaweza kuuachilia mzigo wake. Mwache ahamie mwenyewe nyuma ya kabati, ukampeleke nje usiku mwingine, au, kama nilivyofanya mimi masika iliyopita, ufunge mlango wa stoo kwa wiki kadhaa na uwaambie watu wa nyumbani kwamba mchele utatolewa kwa mlango wa jikoni.